Rangi ya geti ikirukia gari lako, usianze na thina

Mtu akikuta gari lake limerukiwa rangi, swali lake la kwanza huwa: nifutie nini? Majibu mtaani hayakosekani. Huyu atakwambia thina, yule petroli, mwingine atakuapia kwamba mafuta ya breki ndiyo kiboko. Mimi ningeanza na swali jingine: hilo gari lenyewe lina rangi gani? Siulizi kama ni jeupe au jeusi. Nauliza kama rangi yake ni ile iliyotoka nayo kiwandani Japani, au ni ile iliyopigwa chini ya mwembe huko Nyakato wiki moja kabla hujauziwa.

Hapa Mwanza jambo hili linaweza kumpata yeyote. Mafundi wa mageti na madirisha wako kila mtaa, kuanzia Mabatini hadi Igoma, na wengi wanapulizia rangi palepale kando ya barabara. Kompresa ikishanguruma, si rangi yote inayofika kwenye chuma. Nyingine inabaki hewani kama ukungu, na mchana upepo wa ziwani ukianza kuvuma kuelekea nchi kavu, unaondoka nayo. Langu ni Toyota IST ya rangi ya fedha, na kilicholiangukia ni redi oksaidi, ile nyekundu wanayoitanguliza kwenye chuma kuzuia kutu. Kwa mbali ungedhani ni vumbi tu la Kishiri. Ukipitisha kiganja, kinakwaruza.

Fundi mwenyewe hakubisha. Alitoka mbio na kopo la thina na kipande cha fulana kuukuu: "Bosi, dakika tano tu, linarudi kama lilivyokuwa." Nikamwomba asiliguse kwanza. Aliniona nina maringo, lakini tulielewana, na gharama ya vifaa akachangia.

Sababu ya kumzuia ni hii. Rangi ya kiwandani ina tabaka: chini praima, yaani rangi ya msingi, kisha rangi yenyewe, na juu kabisa klia, ile inayong'aa. Klia hiyo kwa kawaida ina unene wa mikroni 35 hadi 50 tu, na mikroni 50 ni sehemu moja ya 20 ya milimita. Ni nyembamba, lakini imeokwa kwa joto hadi ikashikamana, kwa hiyo kiyeyusho kikipita juu yake kwa haraka hakiidhuru. Rangi ya geti imekaa tu juu yake, haikuingia ndani. Ndiyo maana inaweza kutolewa.

Gari lililopigwa rangi upya ni habari nyingine. Fundi akiwa ametumia rangi na klia za kuchanganya na hadna, ile dawa ya kuzikomaza, una bahati, maana zikishakomaa zinakaribia uimara wa kiwandani. Akiwa ametumia NC, yaani rangi ya nitroselulosi isiyotiwa hadna, hapo kuna kazi. NC hukauka kwa thina kupotea hewani, basi. Thina ikirudi juu yake, inayeyuka upya hata kama imekaa miaka. Ukifuta redi oksaidi kwa thina juu ya NC, vyote viwili vinaondoka na kitambaa.

Kujua si kazi. Chukua kitambaa cheupe, kidondoshee thina kidogo, sugua mahali pasipoonekana: ndani ya kifuniko cha kujazia mafuta, au kwenye ukingo wa mlango. Kitambaa kikibaki cheupe, endelea kwa amani. Kikishika rangi ya gari, thina iwekwe mbali. Ila usipime sehemu moja ukaridhika. Magari yetu yamepita mikono mingi, na kila bati linaweza kuwa na historia yake. Kwangu milango ilikuwa salama, boneti salama, lakini fenda ya kushoto, kwenye ule ukingo unaouona ukifungua boneti, iliacha rangi ya fedha kwenye kitambaa. Aliyeniuzia aliapa kwamba gari halijawahi hata kukwaruzwa.

Baada ya hapo, ogesha gari. Ogesha kweli, kwa maji mengi na shampuu, kivulini, bodi ikiwa ya baridi. Vumbi la mji huu wa miamba limejaa mchanga, na mchanga ukibaki chini ya kitambaa utachora mistari ambayo rangi ya geti isingeichora. Jua nalo lina hasara mara mbili: linakaushia rangi ngeni kwenye bodi, na linakausha dawa yoyote unayopaka kabla haijafanya kazi. Mimi huanza asubuhi.

Kama rangi iliyorukia ni ya mafuta na ni ya siku hiyohiyo, jaribu mafuta ya taa kabla ya kitu kingine chochote. Loweka kitambaa laini, kilaze juu ya doa kidogo ilainike, futa bila kukandamiza, kisha osha kwa sabuni uondoe utelezi. Redi oksaidi nyingi za mageti ni za mafuta, na mafuta ya taa hayayeyushi NC, ndiyo maana hata kwenye ile fenda yangu niliweza kuyatumia. Rangi ya kopo la kupulizia, ile inayokauka kwa dakika chache, haitikisiki kwa mafuta ya taa.

Kilichokwisha kukauka ndicho kinachohitaji udongo wa kusafishia bodi. Ni kipande laini kama unga wa chapati uliokandwa, kinauzwa kwenye maduka ya mapambo ya magari, na usipokipata hapa mjini agiza Dar. Kama kuna kitu kimoja cha kutolea hela katika shughuli hii, ni hicho. Unalowesha sehemu ndogo ya bodi kwa maji ya shampuu, tena mengi, halafu unaburuza udongo juu yake kwa mistari iliyonyooka, mkono mwepesi. Mwanzoni unakwama na kutoa sauti ya kukwaruza. Baada ya muda unateleza, sauti inakata, na ukiugeuza unaona wekundu umehamia kwake. Unaukanda, upande safi unatoka nje, unaendelea. Ukikuponyoka ukaanguka chini, utupe. Usiuoshe, usiupulize, utupe, maana mchanga umeshaingia.

Kuhakikisha kama sehemu imesafika, vaa mfuko wa mkate mkononi kisha pitisha vidole. Plastiki nyembamba inakuza mikwaruzo ambayo kidole kitupu hakiihisi. Zamani tungetumia mfuko wa rambo, lakini tangu Juni 1, 2019 hiyo ni marufuku, na mkate bado unafungwa kwenye plastiki.

Vidoa vilivyogoma vinapewa kompaundi laini, ile dawa ya kusugulia na kung'arisha bodi, kwa mkono. Mashine ya polishi ikishikwa na kijana mwenye haraka inakula klia kwenye kingo za milango na mikunjo ya boneti, ambako tabaka ndilo jembamba zaidi. Thina inakuja mwisho, kwa bati lililofaulu kipimo tu: lowesha kitambaa, usimwagie bodi, pitisha sekunde chache, fuata hapohapo na kitambaa cha maji. Isiguse taa za mbele, maana plastiki yake hupasuka vijistari na kufifia. Isiguse plastiki nyeusi za bampa wala mipira ya madirisha. Vioo havina shida: maji ya sabuni na wembe mpya ulioulaza, basi.

Mafuta ya breki yanatoa rangi, ni kweli. Yanatoa na ya gari. Petroli sitaki hata kuijadili, hasa uani ambako jiko la mkaa haliko mbali. Na stilwaya ya kusugulia sufuria, niliyowahi kuiona mkononi mwa muosha magari mmoja akiwa kazini kabisa, ibaki jikoni.

Kazi hii usiende kuifanyia ufukweni. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za namna hiyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na sehemu kubwa ya maji ya bomba ya jiji hili inavutwa ziwani hapo Capri Point. Hata mtaro wa uani mwako huenda unaishia Mto Mirongo, na Mirongo unaishia ziwani. Thina iliyobaki irudishe koponi.

Ukimaliza, paka nta, kwa sababu udongo umeondoka na ile ya zamani. Nta haizuii rangi kuruka, ila safari ijayo itashika kwa unyonge. Na ukilazimika kuegesha karibu na karakana ya mageti mchana, egesha upande wa ziwani, upepo ukufikie wewe kabla ya kufika kwa fundi.

Ile fenda ya kushoto nimeiacha na vidoa vichache karibu na taa. Ningeweza kuvifuata kwa kompaundi hadi viishe, lakini rangi ya NC iliyobaki pale si ya kuchezea, na kupaka upya fenda nzima kwa rangi ya hadna ni gharama ambayo vidoa vya ukubwa wa punje ya ulezi havistahili.