Methodi za HTTP: enumu au maandishi matupu?

SWALI: Natengeneza maktaba ya Java ya kuzungumza na seva yetu. Makarani wa mwalo wa Kirumba huitumia kuandikisha magunia ya dagaa. Methodi za HTTP (maneno yanayoiambia seva ifanye nini) nimeziweka kwenye enumu, yaani orodha iliyofungwa ya majina: GET, POST, PUT, DELETE. Sasa seva inataka PATCH ya kusahihisha uzito. Mwenzangu anasema nifute enumu, nipokee maandishi yoyote. Isitoshe, mtandao ukikatika gunia moja huingia mara mbili. Nifanyeje?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Enumu inakubana kwa sababu orodha ya methodi haijafungwa. RFC 9110 (waraka wa kanuni za intaneti) ya mwaka 2022 inaeleza nane, PATCH imo kwenye RFC 5789 ya mwaka 2010, na WebDAV, nyongeza ya HTTP ya kusimamia mafaili kwenye seva, ina zake kama PROPFIND na MKCOL. Watengenezaji wa Spring, mfumo maarufu wa Java, nao walianza na enumu. Kufika toleo la 6, HttpMethod ikawa klasi. HttpURLConnection, klasi ya Java ya kutuma maombi ya HTTP, ndiyo kero kubwa zaidi: ukiipa PATCH inarusha ProtocolException kabla ombi halijatoka.

Maandishi matupu nayo yana mtego. Kwenye HTTP, patch na PATCH ni methodi mbili tofauti. Hata fetch, amri ya kivinjari ya kutuma maombi, hukuza herufi za get, post, put, delete, head na options, lakini patch huiacha vilevile, kisha seva inakurudishia 405 au 501 (namba za kukataa methodi) nawe unabaki kukuna kichwa.

Tengeneza klasi ndogo isiyobadilika, konstrakta yake iwe private, yaani isiitwe kutoka nje ya klasi. Zile za kawaida ziwe konstanti, nyingine zipitie Methodi.ya("PROPFIND"). Hapo kagua: jina lisiwe tupu, liwe na herufi za Kiingereza, tarakimu na alama zinazoruhusiwa tu (kistari, nukta, kistari cha chini na wenzake). Nafasi au mstari mpya, kataa papo hapo, la sivyo mtu atapenyeza hedi zake (mistari ya maelezo ya ombi) humo. Andika equals na hashCode, zinazotumika kulinganisha vitu kwenye Java, kwa kufuata jina.

Magunia yanayojirudia dawa yake imo humohumo. Kila methodi ibebe alama ya boolean (kweli au si kweli) iitwayo yarudika, yaani kuirudia hakuongezi madhara: kweli kwa GET, HEAD, OPTIONS, TRACE, PUT na DELETE, si kweli kwa POST, PATCH na yoyote usiyoijua. Maktaba irudie yenyewe zile za kweli tu. POST ikikatika, huenda gunia limeshaandikwa na kilichopotea ni jibu tu. PATCH ya “uzito uwe kilo 62” ingerudiwa bila madhara, ya “ongeza kilo 5” ingeharibu hesabu, na maktaba haiwezi kuzitofautisha.

Kwa kuandikisha, simu ya karani itunge UUID (namba ya kipekee) ya gunia, kisha itume PUT /magunia/ ikifuatiwa na namba hiyo. Ikienda mara tatu, gunia ni lile moja.

Na HEAD, inayoomba hedi za jibu tu, usiisahau: hata jibu likiwa na Content-Length (hedi ya ukubwa wa mwili), mwili hauji. Maktaba inayousubiri itaganda mpaka muda uishe.