Jirani wa juu hataki fundi aingie

SWALI: Naishi kwenye fleti ya chama cha ushirika wa nyumba. Dari ya bafu langu inadondosha maji, lakini jirani wa juu hamruhusu fundi kuingia, eti vigae vyake ni vipya. Kamati inasema tumalizane wenyewe. Naweza kumlazimisha?

JIBU: Wewe binafsi, hapana. Chama kinaweza, ikiwa masharti yake au mkataba wa makazi una kifungu cha kuingia kukagua na kutengeneza. Kitafute kwanza, uone kinataka notisi ya muda gani na dharura imeelezwaje. Kamati nayo imenawa mikono mapema mno: mabomba ya pamoja yanayopita ghorofa hadi ghorofa kwa kawaida ni ya chama, na bado hakuna ajuaye lipi linavuja.

Mwandikie katibu, uambatanishe picha na saa za kuvuja. Hizo saa zina uzito. Maji yakidondoka mfululizo, hata usiku wa manane, shuku bomba la maji safi. Yakija baada ya mtu kuoga tu, shuku bomba la maji machafu au sakafu iliyo chini ya vigae.

Kisha omba ukaguzi, usiombe matengenezo. Anachoogopa jirani ni nyundo, na ukaguzi hauihitaji. Fundi afunge bomba zote za fleti ya juu, tangi la choo likiwa limejaa, asome mita ya fleti hiyo na asubiri nusu saa. Mita ikisogea, maji safi yanavuja. Isiposogea, azibe tundu la sakafu ya bafu, ajaze maji ya rangi kina cha sentimita 2 (yasivuke kizingiti), aache saa 24. Rangi ikitokea kwako, sakafu imepitisha. Isipotokea, azibue, ikija sasa, ni bomba la kutolea.

Kuvunja kujadiliwe baada ya hapo, kwa maandishi: vigae vingapi, nani analipa, na itakuwaje vya aina ile visipopatikana. Hili la mwisho husahaulika, na ndilo hufufua ugomvi.

Akikataa hata baada ya notisi, kamati ipeleke shauri kwenye usuluhishi au mahakamani kuomba amri. Usimkatie maji, wala usimvunjie mlango. Maji yakikaribia taa ya dari, zima umeme wa bafu kwenye swichi kuu, na usiuwashe mpaka fundi umeme apime.