Mwanangu, ile swali yako ya antropolojia

Mwanangu,

Umeniuliza kama ukiingia chuo kusoma antropolojia, ile elimu ya watu na desturi zao, utakuwa umeacha kutengeneza sinema. Nimesoma mesaji yako mara mbili, na kila mara mawazo yanakimbilia mlima wa Kadutu, hapa Bukavu.

Unajua nilikuwa nabeba makala, mkaa wa kupikia, wewe unabaki na yaya yako. Siku moja wageni wenye kamera wakanikuta napanda, gunia mgongoni, kamba kwa paji la uso, wakaniambia shuka tena, jua halijakaa vizuri. Nikashuka. Nilipanda mara tatu na ule mzigo, ya tatu kamba imeshanichuna ngozi, wakasema mersi wakaenda. Ile picha sijaiona mpaka leo. Hata jina hawakuniuliza.

Ndiyo maana filme yako ya kwanza, ya shangazi na sombe yake, majani ya muhogo anayotwanga, ilinichoma, sikukuambia tu. Siku mbili sokoni, maswali yako, basi. Shangazi alikuwa anacheka kicheko cha kupokea wageni. Mtu haonekani siku ya kwanza, nakuambia tangu uko mdogo.

Halafu kwa wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, ukamaliza miezi bila kuwasha kamera, mchana unalala kama wao, usiku unapiga kasia nao. Nikasema huyu amekuwa mvivu. Nilikosea. Ao sikukosea kabisa, juu pesa ya nyumba ilikosa kweli! Lakini ile usiku ulitundika shuka kwa ukuta ukawaonyesha filme yao, yule mzee akasema hapa umekata wimbo katikati, bila wimbo makasia hayaendi pamoja, na wewe ukaurudisha wote, mimi nilitoka nje nikalia. Ndipo ukanielezea Jean Rouch, yule Mfaransa injinia wa barabara aliyegeuka mtu wa antropolojia na filme, mwaka 1954 alirudisha filme yake Niger kwa wawindaji wa viboko, wakamwambia toa muziki, kiboko atasikia akimbie.

Kama chuo kitakufundisha kukaa na watu vile, sawa. Kama ni kuandika vitabu ambavyo shangazi hatafungua, hapo... aah, acha, ni maisha yako, sitasema ingia ao usiingie, ijapo neno liko kwa ulimi. Waulize tu kazi yako nani ataiona kwanza. Mtu haonekani siku ya kwanza, na akishaonekana naye ajione.

Shangazi anauliza utafika lini. Anasema ukuje na kamera ao bila kamera, yeye sombe anaanza kutwanga saa kumi ya usiku.

Mama yako