Mizani imegoma kwenye kilo 84: nipunguze chakula zaidi au nipumzike?

SWALI

Mtaalamu, salaam. Mimi ni mwanamke wa miaka 41, mtumishi wa umma, ninaishi Kisasa, Dodoma, na kufanya kazi Mtumba. Nilianza kupunguza uzito nikiwa na kilo 95 kwa urefu wa sentimita 162, baada ya kuambiwa kliniki kuwa presha yangu imefika 150 kwa 95, na mama yangu mzazi anaumwa kisukari. Ndani ya miezi sita nimefika kilo 84, na presha imeshuka hadi 132 kwa 84 bila dawa. Niliacha soda, maandazi na sukari kwenye chai. Usiku ninakula ugali wa uwele kwa mlenda wa karanga au maharage, na nikishikwa na hamu ya kitu kitamu ninakula zabibu. Tatizo ni kwamba kwa wiki saba sasa uzito haushuki. Nimejipima duka la dawa, nimejipima kwa vijana wenye mizani barabarani, nimejipima kwa jirani; mara 84, mara 85, mara 83 na nusu. Rafiki yangu anasema mwili umeshazoea njaa na umeacha kuchoma mafuta, kwa hiyo niache ugali kabisa. Kazini nako wameanza kuniuliza mbona nimeishia njiani. Ninatumia sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu. Kusema kweli nimechoka. Nifanye nini, na moyo wa kuendelea nitautoa wapi?

JIBU

Dada yangu, nianzie kwenye presha, kwa kuwa umeitaja kwa sentensi moja na kuipita, ilhali ndiyo iliyokufanya uanze. Kushuka kutoka 150 kwa 95 hadi 132 kwa 84 bila dawa ni jambo ambalo wagonjwa wengi wangelipenda. Kuhusu kisukari cha mama, mwaka 2002 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani uliofuatilia watu zaidi ya 3,000 waliokuwa katika hatari ya kuugua. Waliopewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito wao na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58, wakilinganishwa na wale waliopewa vidonge visivyo na dawa. Wewe umepunguza zaidi ya asilimia 11. Kwa hiyo unaponiambia umekwama, ninalazimika kukuuliza umekwama katika lipi, maana kwa upande wa afya umeshavuka mahali ambapo faida kubwa huanza kuonekana, na faida hiyo utaendelea kuwa nayo ilimradi usirudi ulikotoka.

Jambo la pili ni hizo mizani tatu. Ukijipima leo duka la dawa saa nane mchana ukiwa umevaa viatu na umetoka kula, na wiki ijayo ukajipima kwa jirani asubuhi, tofauti ya kilo moja na nusu haina maana yoyote. Maji pekee, kutokana na chumvi ya mchuzi wa jana au mazoezi mageni yaliyochosha misuli, yanaweza kupandisha au kushusha kilo moja hadi mbili kwa siku chache, na kwa wanawake wanaopata hedhi hali hiyo hujirudia kila mwezi. Chagua mizani moja, hata kama inakosea, kwa sababu itakosea kwa namna ileile kila mara. Jipime asubuhi baada ya kutoka chooni na kabla ya chai, ukiwa na khanga tu, siku tatu au nne kwa wiki, kisha uandike wastani wa wiki. Chukua pia futi ya fundi cherehani, uizungushe kiunoni usawa wa kitovu, mara moja kila baada ya wiki mbili. Nimeona mara nyingi kiuno kikipungua sentimita mbili au tatu huku mizani ikiwa imetulia tuli, hasa kwa mtu aliyeanza mazoezi ya nguvu.

Tuseme sasa umefanya hivyo na uzito kweli umesimama. Rafiki yako ana nusu ya ukweli. Kati ya mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, vijana 36 wenye afya walijitolea kula chakula kidogo mno kwa miezi sita chini ya mtafiti Ancel Keys. Miili yao ilibana matumizi kwa kiasi kikubwa, mapigo ya moyo yakashuka, wakawa wanahisi baridi wakati wote. Hata hivyo walipoteza takriban robo ya uzito wao. Mwili hupunguza kasi ya kutumia nishati, lakini haukatai kutumia akiba yake. Jambo jingine lililoonekana kwa vijana wale ni kwamba walikuwa na huzuni, walikasirika upesi, na mawazo yao yote yalihamia kwenye chakula. Ninalitaja hili kwa sababu uchovu wa moyo unaouona kwako unaweza kuwa umetokana kwa sehemu na njaa yenyewe, na si haki kuuhesabu kuwa udhaifu wa tabia.

Hebu tupige hesabu yako. Kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba kalori zipatazo 7,700. Kilo 11 ni takriban kalori 85,000, na ukizigawa kwa siku 180 unapata kama 470. Hilo ndilo pengo ulilokuwa nalo kwa wastani kila siku kati ya ulichokula na ulichotumia. Sasa mwili wa kilo 84 hauhitaji nishati kama ule wa kilo 95, kwa kuwa una tishu chache za kulisha na mzigo mdogo wa kubeba unapopanda ngazi. Kevin Hall, aliyekuwa wakati huo mtafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, pamoja na wenzake walikadiria mwaka 2016 kwamba kwa kila kilo inayopungua, matumizi ya mwili hushuka kwa kalori 20 hadi 30 kwa siku. Kwa kilo 11 hiyo ni kati ya 220 na 330. Pengo lako la 470 limebaki kuwa 140 hadi 250, na hujabadilisha kitu chochote. Makadirio yao ya hamu ya kula yalikuwa mazito zaidi, kwani kila kilo inayopotea huongeza hamu kwa takriban kalori 100 kwa siku. Homoni ya leptini, inayouambia ubongo kuwa akiba ipo, hushuka, na ile ya ghrelini, inayochochea njaa, hupanda. Vipimo vilivyofanywa mwaka mzima baada ya watu kupungua vilionyesha mabadiliko hayo bado yapo. Mtu anayeshikilia kilo 84 akitokea 95 anafanya kazi kila siku, ingawa mizani haimwandikii chochote.

Pengo la kalori 140 humezwa na vitu ambavyo macho hayavihesabu, na kwa chakula cha kwetu huku kati ninavishuku vitatu. Cha kwanza ni mafuta ya kupikia. Alizeti tunaipata kwa wingi, na kwa sababu ni ya nyumbani tunaimimina kwa jicho. Kijiko kimoja cha chakula kina kalori zipatazo 120, na mkono uliozoea kumimina haujui tofauti ya vijiko viwili na vinne. Jaribu hivi: Jumapili pima nusu lita ya mafuta, uimimine kwenye chupa yake, uandike tarehe kwa kalamu ya wino mzito, na hiyo iwe ya nyumba nzima mpaka Jumapili inayofuata. Kwa familia ya watu watano, nusu lita kwa wiki ni kijiko kimoja kwa kila mtu kwa siku. Ikiisha Alhamisi, umeshapata jibu la sehemu kubwa ya swali lako, tena bila kumpima mtu yeyote kilo.

Cha pili ni karanga kwenye mlenda. Mlenda wenyewe hauna neno, na kwa mtu mwenye njaa ni rafiki mkubwa kwa kuwa unashibisha kwa nishati ndogo. Karanga zilizotwangwa ni jambo jingine, kwani gramu 100 zina zaidi ya kalori 550. Sikwambii uziache; zitwange kwa kiasi na uzipime kwa kijiko kabla hazijaingia chunguni. Cha tatu ni zabibu. Ni tunda jema, lakini kalori 70 kwa kila gramu 100 maana yake nusu kilo unayoidonoa ndani ya basi ukirudi nyumbani ni kalori 350.

Ugali sitaugusa sana. Ukiuacha kabisa, ndani ya wiki moja mizani itashuka pengine kilo moja au mbili, nawe utafurahi. Lakini sehemu kubwa ya hayo ni maji yaliyokuwa yameambatana na akiba ya wanga kwenye misuli na ini, na yatarudi siku utakapokula tonge la kwanza. Ila usidanganyike pia na habari kwamba uwele haunenepeshi. Unga wake una nishati inayokaribiana na ya sembe, takriban kalori 360 kwa gramu 100. Ubora wake uko kwenye nyuzinyuzi na madini. Ugali ujae robo ya sahani, mboga za majani nusu, na robo inayobaki iwe maharage, kunde, dagaa, mayai au nyama isiyo na mafuta, kwa sababu protini hutuliza njaa kwa muda mrefu na huilinda misuli usije ukaipoteza pamoja na mafuta. Chai za kupunguza tumbo zinazouzwa mitandaoni sitazizungumzia zaidi ya kusema kwamba nyingi huharisha, na kuhara hupunguza maji tu.

Nije kwenye moyo. Kwa mtu aliyechoka kama ulivyoeleza, ushauri wangu ni kwamba usipunguze chochote zaidi kwa wiki nane zijazo. Lengo liwe kubaki kati ya kilo 83 na 85. Ongeza chakula kidogo, hasa protini na mboga, ili njaa ipungue makali, na uendelee kujipima. Mwaka 2017 watafiti wa Australia walichapisha jaribio la wanaume 51 ambapo waliokuwa wakipumzika wiki mbili baada ya kila wiki mbili za kujinyima walipungua zaidi ya wale waliojinyima mfululizo. Matokeo hayo hayajajirudia vivyo hivyo kwa makundi mengine, kwa hiyo sikuahidi muujiza. Ninalipendekeza pumziko kwa sababu nyingine: katika wiki hizo nane utakuwa na lengo unaloweza kulitimiza kila Jumapili, na utajifunza kudumu, stadi ambayo utaihitaji miaka yote iliyobaki iwe utaishia kilo 84 au 74.

Malengo mengine yawe ya vitendo unavyovitawala mwenyewe. Uzito wa Ijumaa huutawali; kutembea dakika 30 kabla jua halijawa kali ni jambo unalolitawala. Mtu aliyepunguza chakula hupunguza mwendo bila kujua, hukaa zaidi, hutuma watoto, husubiri lifti, na hilo nalo hupunguza pengo. Ukiweza, shuka kituo kimoja kabla ya kufika nyumbani jioni, na mara mbili kwa wiki fanya mazoezi ya nguvu hapohapo sebuleni: kuchuchumaa na kusimama, kusukuma ukuta kwa mikono, kunyanyua dumu la maji la lita tano. Tafuta mwenzako mmoja wa kutembea naye. Wale wanaokuuliza kazini mbona umeishia njiani, wajibu kwamba unaendelea vizuri, halafu uendelee na kazi.

Shughuli za mwisho wa wiki nazo uzipangie. Ukibana kalori 200 kwa siku tano umepata 1,000, na sahani moja ya pilau ya send-off pamoja na soda mbili inaweza kuzirudisha zote usiku mmoja. Nenda, kula nyama na kachumbari, chukua pilau nusu ya ulivyozoea, kunywa maji.

Kuhusu sindano, ni kweli kwamba baadhi ya wanawake wanaoitumia huongezeka uzito. Hata hivyo umepungua kilo 11 ukiwa nayo, kwa hiyo siioni kuwa ndiyo kizuizi kikuu. Usiiache peke yako. Zungumza na mhudumu wa uzazi wa mpango kabla ya tarehe ya sindano ijayo, umuulize kama kitanzi kisicho na homoni kinakufaa. Muone daktari mapema iwapo pamoja na uzito kusimama unahisi baridi isivyo kawaida, unapata choo kigumu, ngozi inakauka, nywele zinakatika na uchovu hauishi hata ukilala, kwa sababu hizo zinaweza kuwa dalili za tezi ya shingo kufanya kazi chini ya kiwango, na kipimo cha damu kinatosha kulibaini hilo.

Baada ya wiki nane, linganisha wastani wa wiki ya kwanza na wa wiki ya mwisho, pamoja na kiuno na presha. Ukiwa umebaki palepale na hamu ya kuendelea imerudi, punguza kalori 200 hadi 300 kwa siku, ukianzia kwenye ile chupa ya mafuta. Ukiwa umepanda zaidi ya kilo mbili, niandikie tena ukiwa na orodha ya kila ulichokula kwa siku tatu, Jumamosi ikiwa mojawapo.