Jibu: kwa nini mwalimu "aliiangusha" ndege makusudi

Dada, umeandika kwamba mwalimu wa urubani alizima injini na kuiangusha ndege mdogo wako akiwa ndani, na sasa unataka kumtoa chuoni. Usimtoe. Injini haikuzimwa. Hilo ni zoezi la bawa kukosa kushika hewa, na kila mwanafunzi hulipitia kabla ya kuruka peke yake. Ukinyanyua pua hadi bawa lipokee hewa kwa pembe kubwa mno, kwenye ndege nyingi ndogo kama nyuzi 15 au 16 hivi, hewa inaachana na mgongo wa bawa na ndege inazama, hata injini ikiwa inanguruma. Dawa yake ni kusukuma usukani mbele. Mwili wote unakataa! Anayeona ardhi inakuja huvuta, na kuvuta ndiko kunakoua, hasa kwenye kona ya mwisho kabla ya kutua, ambako hakuna kimo cha kujiokoa. Kona yenyewe huongeza hatari: ukilaza ndege upande nyuzi 60 bila kushuka, kasi ya chini kabisa ambayo bawa bado linashika hewa inapanda kwa takriban asilimia 41.

Ndiyo maana walimu hulifanyia zoezi hili juu, penye kimo cha kujiokoa. Marekani, kwa ndege ya injini moja, lazima uwe umeshajinasua kabla ya kufika futi 1,500 kutoka ardhini. Mwulize mwalimu wake walianzia futi ngapi.