"Amelewa tu": kumpima na kumtibu mtu aliye mahabusu

SWALI: Mimi ni tabibu, na zahanati yetu ndiyo iliyo karibu na kituo cha polisi. Huitwa mara kwa mara, hasa usiku, nikamtazame mtu aliyewekwa mahabusu. Askari wa zamu huniambia "amelewa tu, tunataka uhakika," kisha napewa karatasi nisaini kwamba anafaa kukaa ndani na kuhojiwa. Maabara hakuna, nina begi langu tu. Nianzie wapi, hali zipi nisikubali zibaki selo, na niandike nini?

JIBU: Ndugu tabibu, karatasi hiyo ina kasoro moja kubwa. Inauliza mtu yukoje sasa hivi, ilhali hatari za mahabusu huja kwa saa. Aliyepigwa kichwani anaweza kuongea vizuri saa ya kwanza na kuzimia saa ya tano. Mnywaji wa kila siku anaingia selo akicheka, kesho yake anaanguka degedege. Kwa hiyo sahihi yako iwe na muda wa kuisha, na iambatane na maagizo ya nini kifanyike mpaka urudi.

Kabla ya kumgusa, omba mahali penye mwanga, na askari asimame anapoweza kuona lakini asisikie. Kanuni za Nelson Mandela kuhusu kuwatendea wafungwa, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinataka uchunguzi wa afya ufanyike kwa siri kamili. Kuna faida ya kitabibu pia: hakuna atakayekutajia kipigo mbele ya aliyempiga, wala dawa ya kulevya mbele ya anayeitafuta. Omba pingu zifunguliwe. Kama kuna hatari ya kweli zifungwe kwa mbele, nawe uandike kwamba ulimpima akiwa na pingu na nani aliamua hivyo. Zikishafunguliwa, gusa ngozi ya nyuma ya mkono kati ya kidole gumba na cha shahada. Ganzi mahali hapo ni alama ya neva iliyobanwa na pingu, na watu wengi huipita bila kuitazama.

Muulize: umepigwa au umeanguka? Ulipoteza fahamu? Unatumia dawa gani, na ya mwisho ulimeza lini? Pombe ya mwisho ilikuwa saa ngapi? Umemeza kitu chochote wakati wa kukamatwa? Umewahi kutaka kujiua, na sasa hivi unawaza hilo? Swali hilo la mwisho liulizwe wazi. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo, na saa za kwanza baada ya kukamatwa ndizo zenye hatari kubwa. Kisha, pembeni, muulize askari: alikamatwaje, nguvu ilitumika, aliingia akitembea au akibebwa? Tofauti kati ya "alitembea" na "sasa haamki" ni taarifa yenye uzito kuliko kipimo chochote kilicho begini mwako.

Sasa huyo anayedaiwa amelewa. Harufu ya pombe inathibitisha kwamba amekunywa, basi. Haikatai damu kuvuja ndani ya fuvu, wala sukari kushuka, wala kifafa, wala kiharusi. Mnywaji wa muda mrefu yumo hatarini zaidi, kwa sababu ubongo wake umesinyaa kidogo, mishipa yake huchanika kwa pigo dogo, na ini lililochoka haligandishi damu vizuri. Anza na sukari ya damu, kwa kila mtu aliyesinzia, aliyechanganyikiwa au anayepigana. Ni tone moja la damu na nusu dakika. Ikiwa chini ya 4.0 mmol/L (karibu 70 mg/dL) na anaweza kumeza, mpe gramu 15 hadi 20 za glukosi au vijiko vya chai vinne vya sukari kwenye maji, upime tena baada ya dakika 15, kisha ale chakula cha kushiba. Asiyeweza kumeza apewe glukosi ya asilimia 10 kwenye mshipa, mililita 150 hadi 200. Sindano ya glukagoni (homoni inayolifanya ini liachie sukari) ya miligramu 1 ni msaada pale mshipa unapokosekana, ila kwa mlevi aliyeshinda njaa mara nyingi haifanyi kazi, kwani ini halina akiba ya kuachia. Kwa mnywaji wa kila siku ongeza thiamini (vitamini B1) miligramu 100, lakini usicheleweshe sukari ukiisubiri. Na kama sukari imeshushwa na vidonge vya kisukari vya glibenklamidi, huyo si wa selo: itashuka tena na tena kwa siku nzima au zaidi.

Sukari ikiwa sawa, pima fahamu kwa kipimo cha Glasgow (alama 3 hadi 15, na 15 ni mwenye fahamu kamili), tazama mboni kwa tochi, papasa kichwa chote kwa vidole kupitia kwenye nywele, angalia nyuma ya masikio na ndani yake. Mpeleke hospitali aliyezimia, aliyetapika zaidi ya mara moja, mwenye degedege, mwenye maji meupe au damu sikioni au puani, mwenye mboni zisizolingana, mkono au mguu dhaifu, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au ambaye hafikii alama 15 na wewe huna sababu nyingine unayoweza kuithibitisha. Mwili huondoa pombe kwa kasi ya takriban miligramu 15 hadi 20 kwa kila mililita 100 za damu kwa saa. Maana yake ni kwamba mlevi wa kweli anapaswa kuwa na nafuu kila unapomrudia. Asiyebadilika baada ya saa tatu au nne, au anayezidi kuzama, ana kitu kingine.

Anayebaki selo alazwe ubavu, na aamshwe kila nusu saa. Kuamshwa, si kuchunguliwa tundu la mlango. Mkoromo ambao askari huuita usingizi mzuri unaweza kuwa ni ulimi unaoziba njia ya hewa. Mfundishe askari mambo matatu: mtu aitwe jina na kutikiswa hadi afumbue macho, aulizwe jina lake na mahali alipo, aagizwe ainue mkono mmoja, kisha wa pili. Akishindwa lolote kati ya hayo, gari liwashwe.

Kuna msemo unaosikika sana vituoni: "anajifanya". Steve Biko, mwanaharakati aliyepinga ubaguzi wa rangi, alipokuwa mikononi mwa polisi wa Afrika Kusini mwezi Septemba 1977, alikuwa na jeraha la ubongo, na polisi walidai anaigiza. Daktari aliyeitwa akaandika cheti kwamba hakuona dalili yoyote isiyo ya kawaida. Maji ya uti wa mgongo yalipopimwa yalikutwa na chembe za damu, na bado akarudishwa mahabusu. Akasafirishwa uchi nyuma ya Land Rover zaidi ya kilomita 1,000 hadi Pretoria, akafariki tarehe 12. Kuigiza ni utambuzi wa mwisho kabisa, baada ya mengine yote kukataliwa kwa vipimo, na vipimo hivyo viko hospitali.

Arosto ya pombe, yaani mateso ya mwili uliozoea kilevi unapokikosa, huanza saa 6 hadi 24 baada ya kinywaji cha mwisho: mikono kutetemeka, jasho, moyo kupita mapigo 100. Degedege huja kati ya saa 6 na 48. Kuchanganyikiwa na kuona visivyopo, kwa kawaida siku ya pili hadi ya nne. Aliyewahi kupata degedege au kuchanganyikiwa alipoacha pombe safari iliyopita asibaki kituoni. Kwa dalili za kawaida, diazepamu (dawa ya kutuliza) miligramu 10 ya kumeza, ikirudiwa hadi mara nne kwa siku, na kila dozi itanguliwe na kuhesabu pumzi. Usimpe aliye bado amelewa na kusinzia, wala usimwachie askari vidonge vya siku nzima kwenye bahasha. Vitatolewa vyote kwa pamoja, au vitasahaulika kwenye kaunta.

Arosto ya heroini (miayo, kamasi, vipele vya baridi, kutapika, kuhara) huanza saa 8 hadi 12 baada ya dozi ya mwisho. Yenyewe huua mara chache. Upungufu wa maji ndio huua. Aliye kwenye metadoni (dawa ya kliniki inayotolewa badala ya heroini) usimpe dozi kwa maneno yake tu. Ipigie simu kliniki yake, na kama amekosa siku tatu au zaidi, dozi ianze upya chini ya usimamizi wao. Mwenye mboni ndogo kama ncha ya pini na pumzi chini ya 10 kwa dakika, msaidie kupumua na umpe naloksoni, dawa inayozima nguvu ya heroini, miligramu 0.4, ukirudia inapobidi. Kisha aende hospitali hata akiamka na kukutukana, maana naloksoni huisha nguvu ndani ya nusu saa hadi saa moja na nusu, na heroini bado imo. Aliyemeza kifurushi, au anayeshukiwa kumeza, ni wa hospitali pia. Usimtapishe, wala usimpe mafuta ya kulainisha choo. Yanaweza kuyeyusha mpira uliofungiwa.

Aliyepigwa anahitaji kutazamwa kwa jicho lingine. Kipigo cha makalioni, mapajani na nyayoni kinaweza kuacha ngozi ikiwa imevimba tu, huku misuli ndani imepondeka. Protini ya misuli huingia kwenye damu, huziba figo, potasiamu hupanda na moyo husimama. Omba mkojo na uutazame mwenyewe kwenye chombo cheupe. Rangi ya chai ya rangi iliyokolea ndiyo unayoitafuta. Kijiti cha kupimia kitaonyesha damu, lakini darubini haitaona chembe nyekundu. Huyo ni rufaa ya haraka, na njiani aendelee na maji ya chumvi ya kawaida kwenye mshipa, si yale yenye potasiamu. Na hapa ndipo kosa hufanyika karibu kila mahali: mtu analia maumivu, anachomwa sindano ya diklofenaki. Kwa figo zilizo katika hali hiyo, sindano hiyo inaweza kuzimaliza. Tumia parasetamoli.

Dawa za kudumu zisikatike: insulini, za kifafa, za shinikizo, ARV, za kifua kikuu. Mtu wa insulini akikosa dozi anaweza kuwa mahututi ndani ya siku moja, akitapika na kuhema kwa kina. Lakini usimchome insulini ya mlo kabla hujahakikisha chakula kimefika. Mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi avae barakoa na atengwe, kwa ajili ya walio naye na askari pia. Aliyepuliziwa dawa ya pilipili aoshwe macho kwa maji mengi kwa dakika 15 hadi 20 mahali penye hewa, na mwenye pumu asiachwe peke yake. Usiruhusu mtu alazwe kifudifudi huku mikono imefungwa nyuma. Akinyamaza ghafla baada ya purukushani, huenda ameacha kupumua.

Upande wa kuandika, tenganisha karatasi mbili. Ya kwanza ni kumbukumbu yako ya kitabibu, na inabaki kwako. Ya pili ni maagizo kwa askari, yenye kile tu anachohitaji ili mtu asife. Hali ya VVU haimo humo. Mfano:

"Saa 4:20 usiku. Aamshwe kila nusu saa hadi saa 10:20 alfajiri. Ajibu jina na mahali alipo, ainue mikono yote miwili. Alale ubavu. Asipoamka, akitapika mara ya pili, akipata degedege au akianza kuongea ovyo, apelekwe hospitali moja kwa moja; mimi nipigiwe simu gari likiwa njiani. Nitarudi saa 10:30."

Kwenye kumbukumbu yako, kila jeraha liandikwe aina, ukubwa kwa milimita, umbo, rangi, na umbali wake kutoka mfupa unaojulikana. "Michubuko mingi mgongoni" haimsaidii mtu yeyote mahakamani. "Mistari miwili sambamba, milimita 140 kwa urefu, katikati yake ngozi imepauka" inasema fimbo au rungu bila wewe kulitaja. Usikisie umri wa jeraha kwa rangi: njano haionekani mapema kuliko takriban saa 18, na zaidi ya hapo rangi haisemi kitu cha kutegemea. Piga picha mbili, moja ya kiungo kizima na nyingine ya karibu yenye rula, kamera ikitazama jeraha moja kwa moja. Maneno ya mgonjwa yaweke ndani ya alama za kunukuu, kisha useme kama unachokiona kinalingana na maelezo yake. Itifaki ya Istanbul ya mwaka 1999, mwongozo wa kuchunguza na kuandika alama za mateso, ina ngazi tano za kusema hivyo, kuanzia "hakilingani" hadi "hakiwezi kuwa kitu kingine". Zitumie hizo badala ya "huenda".

Kuhusu sahihi: kufaa kukaa ndani na kufaa kuhojiwa ni maswali mawili, yajibiwe kila moja peke yake. Anayehojiwa lazima ajue yuko wapi na kwa nini, aelewe swali, na aweze kusema hapana. Aliye kwenye arosto, mwenye maumivu makali, aliyekosa usingizi au ambaye diazepamu imemzidi hafai kwa sasa, nawe uandike saa ya kumpima tena. Ukiletewa karatasi ya kuthibitisha kwamba anaweza kuhimili adhabu au nguvu yoyote, usiisaini. Azimio la Tokyo la Chama cha Madaktari Duniani la mwaka 1975 na kanuni za maadili za Umoja wa Mataifa za mwaka 1982 ziko upande wako. Sampuli za damu kwa ajili ya ushahidi, inapowezekana, zichukuliwe na mtu mwingine asiyemtibu. Na kituo kikikataa rufaa yako, andika saa, jina na cheo cha aliyekataa na maneno aliyoyatumia, mkabidhi nakala, kisha umpigie simu mkubwa wake palepale kaunta.