Maswali ya Wasomaji: Nonbainari na Huntha

SWALI: Mpwa wangu anayesoma Kanada ametuandikia kwamba yeye si mwanamume wala mwanamke, bali ni nonbainari. Jirani yangu anasema hao ndio mahuntha tuliowajua tangu zamani, na kaka yangu anashikilia kuwa ni maradhi ya akili. Nani kati yao yuko sahihi? – Mwalimu mstaafu, Mombasa

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Wote wawili wamekosea, ingawa kosa la jirani yako ni la kawaida mno. Huntha, au mtu mwenye jinsia tata kama wengi wasemavyo siku hizi nchini Kenya, ni mtu ambaye viungo vyake vya uzazi, kromosomu au homoni zake haziafikiani moja kwa moja na maumbile ya kiume wala ya kike. Sensa ya Kenya ya 2019, iliyowahesabu watu hao kwa mara ya kwanza, ilipata 1,524, na Sheria ya Watoto ya 2022 inawatambua watoto wa namna hiyo. Wengi wao hujitambua kuwa wanaume au wanawake bila shaka yoyote.

Mpwa wako hazungumzii maumbile, bali utambulisho wa kijinsia, yaani namna mtu anavyojijua nafsini mwake. Transjenda ni yule ambaye utambulisho huo hauafikiani na jinsia aliyoandikiwa alipozaliwa. Sisjenda ni yule ambaye mambo hayo mawili yanaafikiana, kama ilivyo kwa walio wengi, ambao hawakuwahi kuhitaji jina la hali hiyo. Na nonbainari ni yule asiyejiona kikamilifu katika upande wa kiume wala wa kike. Hakuna neno hata moja kati ya hayo linalotueleza mtu anampenda nani, jambo ambalo watu huliingiza hapa pasipo sababu.

Kaka yako anarudia yaliyokuwa yakiandikwa katika vitabu vya tiba. Mwaka 2013 Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani kiliacha kuuita utambulisho wenyewe kasoro, kikabaki na dhiki ambayo baadhi ya watu huipata kwa sababu ya kutoafikiana huko, na ambayo si kila mmoja huwa nayo. Shirika la Afya Duniani lilikwenda mbali zaidi: katika orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa 2019 na kuanza kutumika 2022, liliiondoa hali hiyo katika sura ya maradhi ya akili na kuiweka katika sura ya afya ya kijinsia, ili wanaohitaji huduma ya daktari wasiikose.

Huko aliko, mpwa wako si wa ajabu. Sensa ya Kanada ya 2021 ilihesabu watu 41,355 wa umri wa miaka 15 na zaidi waliojitaja kuwa nonbainari, na tangu 2019 pasipoti ya nchi hiyo inaweza kuandikwa herufi X mahali pa jinsia. Kwa kuwa watu wawili wanaotumia jina hilo moja huweza kumaanisha mambo tofauti kidogo, mwandikie umuulize yeye analielewaje na angependa mumwiteje nyumbani.